Umeme kazini: mashini ikimpiga mfanyakazi, nani anajibu?

Katika atelye nyingi za kuunganisha vyuma, asubuhi inaanza namna moja. Kijana anavuta ralonji mpaka mbele ya mlango, anachomeka mashini, kazi inaanza. Waya imefungwa kwa vipande vya plastiki mahali patatu. Prizi imeungua upande mmoja. Kila mtu anaona, hakuna anayeuliza. Siku umeme unamrusha kijana chini, ndipo maulizo yanaanza: kosa ni la nani?

Bukavu, Uvira, Butembo ama Bunia, majibu yanayosikika haraka ni mawili: "Ni shirika la umeme", ama "Kijana hakuwa mwangalifu". Sheria ya inchi inajibu namna ingine.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inasema katika kifungu cha 55 kwamba mwajiri anapaswa kuhakikisha kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Na wale wanaofanya kazi bila karatasi? Sheria hiyo hiyo inamruhusu mfanyakazi kuonyesha kwa njia zingine kwamba alikuwa na mapatano ya kazi. Kusema "sikumuandikia kitu" hakumtoshi mkubwa wa kazi.

Tarehe 2 Februari 2022, waya ya umeme mkubwa ilianguka katika soko la Matadi Kibala, Kinshasa, ikaua watu 26. Inchi yote ilizungumzia. Lakini kwenye kinu cha unga, kwenye saluni ao kwenye atelye, umeme unapiga mtu mmoja mmoja, na habari inaishia mtaani.

Ni kweli umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu, na hiyo inaharibu mashini. Lakini nyaya za ndani, prizi, ralonji na mashini zenyewe ziko mikononi mwa mwenye kazi. Kama anajua umeme unaruka-ruka, hiyo ni sababu ya kupima zaidi. Anayetumia jenereta naye yuko katika hesabu hiyo hiyo.

Hatari haihitaji umeme mwingi. Balbu ya wati 60 kwenye volti 220 inakula karibu miliampa 270. Miliampa 50 tu, zikipita kifuani kwa sekunde moja ao zaidi, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana kuna kifaa ambacho mafundi wanaita difaranseli: kile cha miliampa 30 kinakata umeme mara moja kinapoona sehemu yake inapotea njiani, kwa mfano kupitia mwili wa mtu.

Kuna pia waya ya ardhi. Wengi hawaivuti, ili kupunguza bei. Bila waya hiyo, umeme ukigusa chuma cha mashini unabaki pale, unangoja mkono wa mtu, zaidi sana kama sakafu ina maji.

Kupima kunaanza na macho. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha: waya imekatika? Prizi imeungua? Kuna harufu ya moto? Mara moja kwa mwezi, bonyeza kitufe cha T kwenye difaranseli. Kama haikati umeme, haifai tena. Kisha, fundi mwenye vipimo aje kuangalia kama waya ya ardhi inafika kweli ardhini, na kama umeme hauvuji ndani ya mashini. Ufaransa, sheria inataka nyaya na vifaa vya umeme vya kazini vikaguliwe kila mwaka. Hapa kwetu, ambapo vumbi, mvua na umeme wa kuruka-ruka vinachosha vifaa haraka, kungoja zaidi ya mwaka ni kucheza na uhai wa watu.

Matokeo yaandikwe katika daftari: tarehe, mashini, kilichoonekana, jina la fundi. Mashini mbovu itolewe, isirudishwe kazini jioni kwa sababu mteja anangoja. Daftari hilo ndilo mwajiri ataonyesha siku inspekta wa kazi anaingia. Bila daftari, atasema nini?

Mwajiri anapaswa pia kuandikisha wafanyakazi wake CNSS. Mchango wa ajali za kazini, 1,5% ya mshahara, ni yeye peke yake anaulipa. Haukatwi kwa mfanyakazi. Asiyeandikisha anaiachia familia mzigo wa hospitali, ao wa matanga.

Na wewe unayefanya kazi, ukiona waya mbovu, sema mbele ya wenzako, tena mapema. Mwenzako akishikwa na umeme, usimguse: kata umeme kwanza. Kwa hiyo kila mtu kazini ajue leo umeme unakatiwa wapi. Kuonyesha mahali hapo ni kazi ya mkubwa, na hakulipishwi hata faranga moja.