Diski ya seva ya Linux ikijaa, usikimbilie kufuta

SEVA ya Linux haipigi kelele diski yake inapojaa. Huduma hugoma moja baada ya nyingine: hifadhidata hukataa kupokea rekodi mpya, barua pepe haziingii, na ofisi nzima inayotegemea tarakilishi hiyo husimama. Hapo ndipo msimamizi asiye na uzoefu hukimbilia amri ya rm na kuanza kufuta chochote kilicho kikubwa. Hasara huanzia hapo, kwa kuwa amri hiyo haina pipa la taka la kurejea baadaye.

Kwanza ni kutazama. Amri ya df -h huonyesha kila sehemu ya diski, ukubwa wake na kiasi kilichotumika. Sehemu iliyojaa ikishajulikana, anayeila hutafutwa kwa du. Tuseme ni /var. Basi msimamizi huandika:

sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h

Folda hupangwa kwa ukubwa, kubwa kabisa ikiwa mwisho. Mara nyingi mkosaji huwa /var/log, ambako programu huandika kumbukumbu za kazi zao usiku na mchana. Ikiwa ni /var/lib/mysql, asiguse kitu: hiyo ndiyo hifadhidata yenyewe.

Kuna kisa kinachowatatiza hata wazoefu. Faili la kumbukumbu la gigabaiti 20 limefutwa, halionekani tena, lakini df inashikilia kuwa diski imejaa. Sababu ni kwamba katika Linux jina la faili na yaliyomo ni vitu viwili. Amri ya rm huondoa jina tu. Yaliyomo hubaki diskini hadi programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Mafaili hayo yasiyo na majina huorodheshwa kwa sudo lsof +L1, pamoja na programu inayoyashikilia. Huduma hiyo ikizimwa na kuwashwa upya, nafasi hurudi. Afadhali zaidi ni kutofuta kabisa faili linaloendelea kuandikwa, bali kulimwaga yaliyomo kwa truncate -s 0 na jina la faili, baada ya kunakili kwingine kinachohitajika.

Kinyume chake pia hutokea. Seva hulalamika kuwa hakuna nafasi, ilhali df -h inaonyesha nusu ya diski i tupu. Hapo df -i ndiyo itakayosema kweli. Kila faili, hata liwe dogo kama punje ya mtama, huhitaji inodi yake, na katika ext4 idadi ya inodi huwekwa mfumo wa faili unapoundwa. Mamilioni ya vijifaili vya tovuti au barua pepe zilizokwama yanaweza kuzimaliza.

Ili tatizo lisijirudie, logrotate huzungusha kumbukumbu na kuondoa zilizochakaa. Kanuni zake huwekwa katika /etc/logrotate.d. Huihusu programu iliyotajwa humo pekee, hivyo programu iliyoandikwa na fundi wa ofisini huenda ikasahaulika. Kwenye mifumo inayotumia systemd, journalctl --disk-usage hueleza kiasi kilicholiwa na shajara yake, na sudo journalctl --vacuum-size=500M huondoa kumbukumbu kuukuu hadi zilizohifadhiwa zikaribie megabaiti 500. Kikomo cha kudumu huandikwa kwenye /etc/systemd/journald.conf, katika mstari wa SystemMaxUse.