Kuni Zisizo na Bei

"Wanaokubali tuanze msingi wa madarasa mawili, wanyooshe mikono." Mwenyekiti wa kijiji aliuliza mara mbili, na mara zote mbili mikono ilipanda chini ya mwembe, ya kina mama ikitangulia. Mtendaji akahesabu, akaandika kwenye muhtasari. Nilikuwa nimefika kijijini hapo, mkoani Geita, kupima kiwanja. Nyuma yetu jiko la shule lilifuka moshi: mafiga matatu, sufuria ya makande, na rundo la kuni zilizoletwa na watoto asubuhi, kila mmoja na kijiti chake. Saa tatu za mkutano zikaisha bila mtu kulitaja rundo lile.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Kwa Wasukuma, wanaoijua dagashida, baraza lao la jadi, jambo la watu wote kuamuliwa hadharani si geni. Ninalohoji mimi ni kile kinacholetwa mbele ya wapiga kura.

Fedha za shule ya msingi ya serikali hutoka sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni ruzuku iliyoambatana na elimu bila malipo tangu 2016: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati yake 6,000 ndizo hufika shuleni. Shule ya wanafunzi 600 hupata shilingi milioni 3.6, sawa na 300,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, michezo na ukarabati mdogo. Ya pili ni nguvu za wananchi: mchanga, mawe, maji na tofali, mpaka boma lifike renta, halmashauri ije kupaua. Ya tatu, kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, ni fedha za CSR, yaani wajibu wa kampuni za migodi kwa jamii. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mgodi huandaa mpango kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Ndivyo ilivyo kwa mgodi wa Geita, ndivyo ilivyo Bulyanhulu kule Msalala.

Zote tatu hupenda kitu kinachoonekana. Darasa huzinduliwa, hupigwa picha, huandikwa jina ukutani. Kuni hazizinduliwi. Na kwa kuwa huletwa na mtoto, hazina risiti, wala hazimo katika taarifa ya mapato na matumizi. Kisichoandikwa hakina bei, na kisicho na bei hakuna anayepiga kura kipunguzwe.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kijiti cha kila mtoto kina nusu kilo. Watoto 600 huleta kilo 300 kwa siku. Kwa siku za masomo zipatazo 190, hizo ni tani 57 kwa mwaka, zikipikiwa mlo mmoja tu. Kwenye mafiga yaliyo wazi, katika kuni kumi, joto la moja au mbili ndilo linaloingia kwenye sufuria. Lililobaki huenda na upepo na kumtoa machozi mpishi. Jiko banifu la taasisi, lililoizunguka sufuria kwa tofali na kuwekewa bomba la moshi, laweza kupunguza kuni kwa nusu. Kuloweka maharage usiku kucha hakugharimu hata senti, na moto wake ni mfupi zaidi.

Jengo nalo lina hesabu yake. Shinyanga na Geita ziko takriban nyuzi tatu hadi nne kusini mwa ikweta, hivyo jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga kuta moja kwa moja. Darasa likilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, huwa na nafuu ya joto maisha yake yote, na uamuzi huo hautaki mfuko hata mmoja wa saruji. Hufanywa siku kamba za msingi zinapovutwa, na wanaozivuta ni wananchi. Bati lisilo na dari litahitaji feni umeme ukifika. Tofali za kuchoma hula miti kwenye tanuri. Tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, hukauka bila moto.

Kanda hii inaijua bei ya mti. Shinyanga ilifyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua pamba, mpaka mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 na kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa, nyingine zikiwa mali ya shule. Leo Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na mkakati wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi na umeme vitakuja na ankara, na hapo ndipo kijiji kitauliza: kuni zilikuwa shilingi ngapi?

Katika jimbo la New York, Marekani, wakazi wa wilaya nyingi za shule hupigia kura bajeti Jumanne ya tatu ya Mei. Ikikataliwa mara mbili, shule hulazimika kuendeshwa kwa bajeti ya kubana. Utajiri wao tuuache. La kuiga ni kwamba mpiga kura hupewa bajeti pamoja na gharama za kuendesha majengo mwaka mzima, si gharama za kuyasimamisha tu.

Kwetu yatosha kuongeza mstari mmoja kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Mizani ya pamba hulala bila kazi msimu ukiisha. Iazimwe wiki moja, itundikwe kwenye tawi la mwembe uleule, na kila asubuhi mzigo wa kuni upimwe mbele ya kamati ya shule. Mtendaji azidishe kwa bei ya kuni sokoni, aandike jumla chini ya ruzuku, kisha mwenyekiti aulize tena nani ananyoosha mkono, na kwa lipi.