Likizo ya siku nne Jamaika: raha ya bahari, hofu ya selimundu

Mzazi mwenye mtoto anayeugua selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli, hapangi likizo kama wazazi wengine. Kabla ya kuuliza bei ya hoteli, anauliza hospitali iko umbali gani. Kabla ya kuangalia picha za ufukwe, anataka kujua maji yana baridi kiasi gani.

Hayo niliyaona kwa macho Februari 2024, nilipokwenda kumsalimia dada yangu anayeishi Toronto, Kanada, kisha tukaenda wote Jamaika kwa siku nne. Tulikuwa wanne: dada, mimi, binti yake wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, ambaye ndiye mwenye selimundu. Majina yao siyataji kwa ombi la mama yao. Wananiita mama mdogo, na kwa desturi zetu nami nasema ni wanangu.

Safari yenyewe ilitokana na baridi. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuwa na umbo la mundu, zikashindwa kupita vizuri kwenye mishipa midogo. Baridi huifanya mishipa hiyo kusinyaa zaidi, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Toronto mwezi wa pili ni barafu tupu. Mtoto alikuwa amelazwa mara mbili tangu Novemba, na binti alikuwa ameshinda wikendi zake nyingi nyumbani kwa sababu mdogo wake hawezi kutoka. Dada alisema anataka watoto wote wawili wacheze nje pamoja, hata kama ni kwa siku nne tu.

Ndege kutoka Toronto hadi Montego Bay huchukua takriban saa nne. Maandalizi yalichukua wiki tano.

Kliniki ilitoa barua inayoeleza ugonjwa, kundi la damu na dawa anazotumia. Dawa zote ziliwekwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, maana mizigo hupotea. Kilichomtoa dada jasho ni bima ya safari. Bima nyingi hazigharamii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kusafiri, na ile iliyokubali ilitaka nyongeza. Alilipa huku analalamika. Kwenye simu alikuwa ameweka alama Hospitali ya Rufaa ya Cornwall, iliyopo Montego Bay kwenyewe.

Kulikuwa na jambo lingine. Septemba 2023 Wizara ya Afya ya Jamaika ilikuwa imetangaza mlipuko wa dengue, homa ambayo wakazi wa Dar es Salaam tunaifahamu. Dengue kwa mtoto mwenye selimundu ni hatari zaidi kuliko kwa mtoto mwingine. Dada alifikiria kuahirisha. Mwisho tukaenda na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, nguo za mikono mirefu kwa ajili ya asubuhi na jioni, na chandarua ambacho watu wa hoteli walikitazama kwa mshangao.

Wali wa bibi

Mlo wa kwanza ulitutuliza. Wajamaika wana chakula wanachokithamini sana cha Jumapili: wali uliopikwa pamoja na maharage katika tui la nazi. Binti alionja kijiko kimoja akasema, "Mama, huu ni wali wa bibi." Kando yake kulikuwa na mboga wanayoiita callaloo, ambayo ni mchicha, na mkate mwembamba wa mihogo uitwao bammy. Shelisheli nalo lipo kila mahali. Lilipelekwa huko na nahodha William Bligh mwaka 1793 ili wapatikane watumwa wanaokula kwa gharama ndogo, na leo watu wanalichoma kwenye moto na kulila kwa furaha.

Mzazi atakayefika huko aulize kuhusu tunda la ackee, ambalo wanalikaanga na samaki mkavu wa chumvi. Ni tunda lenye asili ya Afrika Magharibi na ndilo tunda la taifa la Jamaika. Likiliwa kabla halijapasuka lenyewe mtini, lina sumu inayoshusha sukari mwilini kwa kasi, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Wenyeji wanalijua vizuri na wakilipika halina shida. Mgeni ndiye asichume mwenyewe.

Robo saa baharini

Siku ya pili tulikwenda ufukwe wa Doctor's Cave, hapo hapo Montego Bay. Historia yake ilinichekesha kama mwandishi wa afya. Mwaka 1906 daktari mmoja, Alexander McCatty, alilitoa eneo lake liwe klabu ya kuogelea, na katika miaka ya 1920 mtaalamu wa mifupa kutoka Uingereza, Herbert Barker, akayasifu maji yake kwamba yanaponya. Wageni wakamiminika, na utalii wa mji ule ukakua.

Sasa ni ufukwe wa kulipia, kama zilivyo nyingi za kule. Sheria ya mwaka 1956 ya kudhibiti fukwe haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni, na sehemu kubwa ya pwani nzuri iko nyuma ya kuta za hoteli. Dereva wetu alituambia kwamba watoto wake wanaiona bahari kila siku wakiwa barabarani, na kuingia majini ni mara chache kwa mwaka. Nilikaa kwenye mchanga ule mweupe nikiwa sina raha kamili. Sisi tulitoka ng'ambo tukalipa na kuingia, na yeye alibaki kwenye gari akitusubiri.

Watoto hawakuwa na habari hiyo. Dada alisubiri hadi karibu saa sita mchana, jua likiwa kali na maji yamepata joto. Alikuwa na masharti yake: robo saa majini, kisha kutoka, kujifuta, kubadili nguo na kunywa maji, ndipo kurudi. Upungufu wa maji mwilini ni adui mwingine wa mtoto huyu, na juani hapo humpata bila yeye kuhisi.

Sijawahi kumsikia akicheka vile. Dada mtu alimshika mikono, wakawa wanaruka kila wimbi likija. Mama yao alisimama maji yakiwa magotini, taulo begani, macho kwenye saa.

Usiku ule, saa tano, mtoto aliamka akilia kwamba mguu unamuuma.

Dada hakupiga kelele. Alipima joto la mwili: lilikuwa nyuzi 37.2. Angekuwa na homa ya 38.5 tungeondoka muda ule ule, kwa kuwa homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura hata kama anaonekana mchangamfu. Alimpa parasetamoli, akaacha ibuprofeni mkobani ingawa huwa anaitumia, kwa sababu penye hofu ya dengue dawa za jamii hiyo na aspirini zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Akamfunika, akampa maji kidogo kidogo. Kisha akamlaza chali na kuweka kiganja tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu, akapapasa taratibu.

Alikuwa anatafuta bandama. Kwa watoto wadogo wenye selimundu, damu inaweza kukwama ghafla ndani ya bandama, ikavimba, mtoto akapauka na kulegea. Bila kuongezewa damu haraka anaweza kufa ndani ya saa chache. Usiku ule bandama ilikuwa kama kawaida. Kufika saa tisa mtoto alikuwa amelala. Sisi hatukulala.

Mkono wa mama

Asubuhi, mama mmoja anayefanya usafi hotelini aliingia akamkuta dada anarudia kumpapasa mtoto tumbo. Alisimama mlangoni na shuka zake, akauliza kama ni selimundu. Dada akaitikia. "Mama yangu alikuwa akimfanyia kaka yangu hivyo hivyo kila asubuhi," akasema. "Alifundishwa Kingston." Kaka yake alizaliwa mwaka 1978. Yupo hai, ana watoto watatu.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo chuoni, lakini kuisikia ikisemwa na mtu aliyeshika shuka ni kitu kingine. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1981, watoto wachanga 100,000 waliozaliwa katika Hospitali ya Victoria Jubilee, Kingston, walipimwa damu. Zaidi ya 300 walikutwa na aina kali ya selimundu, na kitengo cha ugonjwa huo katika Chuo Kikuu cha West Indies eneo la Mona, kikiongozwa na daktari Graham Serjeant, kikawafuatilia mwaka hadi mwaka. Waligundua kwamba bandama kuvimba ghafla ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wadogo. Kwa hiyo wakawafundisha wazazi kuipapasa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Kabla ya mafunzo hayo, kati ya matukio 100 ya bandama kuvimba ghafla, watoto takriban 29 walikuwa wakifa. Baada ya mafunzo walikuwa 3. Matukio yaliyogunduliwa yaliongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu nyumbani anayeyatambua.

Nilifurahi, na papo hapo nikasikia uzito. Ugonjwa huu haukuota Jamaika. Chembe za urithi zinazouleta zilienea Afrika kwa sababu aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Zilifika Karibi ndani ya damu ya watu waliosafirishwa kwa nguvu kutoka Afrika Magharibi. Malaria ilishaondolewa Jamaika tangu miaka ya 1960, lakini takriban mtu 1 kati ya 10 bado anazibeba. Tulikwenda kule kustarehe, tukakuta wametutangulia na maumivu yetu wenyewe.

Binti naye ana haki

Siku ya tatu tulikuwa tumepanga kwenda wote kwenye maporomoko ya Dunn's River, karibu na mji wa Ocho Rios. Maji yake yanateremka kwa ngazi za mawe hadi baharini, na watu hupanda wakiwa wameshikana mikono. Lakini ni maji ya mtoni, ya baridi. Mdogo asingeingia hata angekuwa mzima.

Binti alikaa kwenye kitanda akiwa ameshavaa nguo za kuogelea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo na leo hatuendi?"

Neno lile "na leo" lilimchoma mama yake. Wazazi wengi wa watoto wenye maradhi ya kudumu niliokutana nao kazini huzungumza kwa saa nzima kuhusu mgonjwa, na kuhusu yule mzima husema "huyu hana shida". Mimi nadhani shida anayo, ila amejifunza kutoitaja. Dada akanitazama akasema, "Mdogo wangu, nenda naye. Mimi nitabaki."

Tulipanda. Alipiga mayowe kila maji yalipompiga kifuani, akanishika mkono hadi ukauma. Njiani kurudi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ni vibaya kwamba alifurahi mdogo wake hakuwapo. Nilimwambia si vibaya.

Siku ya mwisho mdogo aliomba bahari. Mguu haukuwa unamuuma tena. Dada alikataa. Mtoto alilia hadi uwanja wa ndege, na dada naye alifuta machozi alipodhani simwoni.

Daktari wao wa Toronto alipowaona wiki iliyofuata alisema haiwezekani kujua kama maji ya bahari ndiyo yaliyoleta maumivu yale. Huenda ni kuruka sana, safari, au uchovu. Alisema mtoto aachwe acheze kwa tahadhari zile zile. Dada anasema amemwelewa daktari, ila usiku ule hakuwa naye chumbani. Ameanza kuweka fedha za safari nyingine, na bado hajaamua.

Mtoto huyu alijulikana ana selimundu kabla hajafikisha miezi miwili, kwa kuwa jimbo la Ontario limekuwa likipima ugonjwa huo kwa watoto wachanga tangu mwaka 2006. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi hugundulika baada ya kuugua mara kadhaa. Wazazi wote wawili wakiwa wanabeba chembe hizo, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, na wao wenyewe huweza kuishi bila dalili yoyote. Kipimo cha damu huwaonyesha.

Kwa mzazi ambaye tayari ana mtoto huyo, tahadhari za kule ndizo za hapa: bwawa la kuogelea lisilo na joto, Lushoto au Arusha mwezi wa saba, basi la saa kumi bila chupa ya maji.

Kuhusu bandama, akina mama ninaozungumza nao kliniki wengine wameonyeshwa, wengine hawajawahi. Siku ya kliniki mwambie muuguzi au daktari, mtoto akiwa mzima hana homa wala maumivu: "Naomba unionyeshe bandama ya mwanangu iko wapi, na niiguse mwenyewe." Ukishaujua ukubwa wake wa kawaida, ipapase nyumbani kila siku. Siku ukiona imekuwa kubwa ghafla, au mtoto amepauka na kulegea, usisubiri kuche.