Baghala Anapumzishwa, Mke Anabaki Dukani

Katika riwaya ya Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God (1937), bibi aliyezaliwa utumwani anamwonya mjukuu wake, Janie, kwamba mwanamke mweusi duniani ni baghala, mnyama wa kubebeshwa mizigo ya wengine. Kwa hofu hiyo anamwoza kwa Logan Killicks, mwenye ekari 60. Haupiti muda, Killicks anafunga safari kwenda kununua baghala wa pili, mpole, ili mke naye ashike plau.

Mwandishi Richard Wright alidai mwaka ule ule kwamba kitabu hiki hakina dhamira. Siwezi kukubaliana naye, hasa nikifika kwenye kisa cha dukani.

Janie anamtoroka Killicks na kuolewa na Joe Starks, anayekuja kuwa meya wa Eatonville, mji wa watu weusi huko Florida alikokulia Hurston mwenyewe. Starks anamweka dukani kwake auze, nywele zimefungwa kilemba wanaume wasizitamani. Barazani wanaume wanamchokoza baghala aliyekonda wa Matt Bonner, wakicheka. Janie ananung'unika peke yake kwa uchungu. Starks anamsikia, anamnunua mnyama kwa dola 5 na kumwachia azurure, anenepe. Mji mzima unamsifu meya. Huruma ilikuwa ya mke, sifa zikaenda kwa mume, na kilemba hakikufunguliwa. Baghala akifa anafanyiwa mazishi ya mzaha, Starks akihutubia juu ya mzoga. Janie anakatazwa kwenda, eti mke wa meya hachangamani na akina yahe.

Mwenye mamlaka hapotezi kitu akimfungua mnyama, maana mnyama hatamjibu. Janie anajibu. Miaka baadaye, Starks akiukejeli mwili wake mbele ya wateja, Janie anamrudishia maneno yanayomvua uanaume papo hapo. Anapigwa, lakini enzi ya Starks haisimami tena, na baada ya mazishi yake Janie anavichoma moto vilemba vyote.

Hurston hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu. Tea Cake, mume wa tatu, Janie anampenda kweli, ingawa naye aliwahi kumpiga ili watu wajue ni nani mwenye mke. Wakati wa kimbunga anaumwa na mbwa mwenye kichaa akimwokoa Janie. Ugonjwa unapompanda, anamwelekezea mkewe bastola, na Janie, kwa bunduki ambayo Tea Cake mwenyewe alimfundisha kuilenga, anachagua kuishi.