Sotoka Haikushindwa kwa Chanjo Pekee: Mafunzo kwa Wafugaji wa Thika na Ruiru

Ng'ombe anapoanza kudondosha mate na kuchechemea, mfugaji huwa na njia mbili. Anaweza kumwita daktari wa mifugo, akijua kwamba huenda boma lake likawekwa karantini. Au anaweza kumuuza upesi kwa mchuuzi, kabla dalili hazijaonekana wazi. Njia ya pili humpa fedha siku hiyo, lakini huupa ugonjwa usafiri wa bure hadi boma la jirani, soko lijalo na kaunti nyingine.

Uamuzi huo una uzito wa pekee Thika na Ruiru. Wengi hapa hufuga ng'ombe wawili au watatu zizini, kwenye vipande vidogo vya ardhi vinavyopakana. Nyasi za napia huja kwa pikipiki, na mkamuaji mmoja huweza kuhudumia maboma kadhaa kwa asubuhi moja. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, umeingia mtaani.

Historia ya sotoka

Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe. Jamii nyingi za wafugaji zilikumbwa na njaa.

Silaha kubwa dhidi ya ugonjwa huo ilitengenezwa katika kaunti yetu. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa nafuu na salama, na dozi moja ilimkinga mnyama kwa miaka mingi. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999.

Hata hivyo, chanjo nzuri haikutosha. Kati ya 1962 na 1976 nchi 22 za Afrika zilichanja mamilioni ya ng'ombe katika kampeni ya pamoja, na sotoka ikakaribia kutoweka. Nchi nyingi zikalegeza kamba. Ugonjwa ulikuwa umejificha katika maeneo machache ambayo hakuna aliyeyafuatilia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukalipuka tena.

Awamu iliyofuata ilibadilisha mbinu. Chanjo inayostahimili joto ilitengenezwa, na wafugaji wa maeneo ya mbali wakafunzwa kuwachanja wanyama wao. Wataalamu nao wakaanza kuwauliza wafugaji wameona nini na lini. Katikati ya miaka ya 1990 sotoka ilionekana Tsavo, kisha katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Iliua nyati na wanyama wengine wa porini, huku ng'ombe wakionyesha dalili hafifu ambazo zilikuwa rahisi kupuuzwa. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, hapa Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa. Ndiyo ugonjwa wa pili kutokomezwa duniani, baada ya ndui ya binadamu.

Funzo ni hili: chanjo ilipunguza ugonjwa, lakini uliomalizwa ni ugonjwa uliotafutwa na kuripotiwa hadi mnyama wa mwisho.

Onyo bila hatua

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi vyake vinaweza kukaa miaka mingi ndani ya mayai ya mbu yaliyo kwenye udongo. Mvua kubwa ikifurika, mayai huanguliwa.

Mwishoni mwa 2006 wataalamu wa hali ya hewa na wa mifugo walitoa onyo mapema kwamba mazingira ya mlipuko yalikuwa tayari. Lakini uchanjaji wa mifugo ulianza baada ya watu na wanyama kuugua. Ugonjwa ulifika wilaya 29 kati ya 69 zilizokuwapo wakati huo, na zaidi ya watu 150 wakafariki nchini. Baadhi walikuwa wamechinja au kuhudumia wanyama wagonjwa.

Chanjo ya ugonjwa huu hufaa kabla ya mvua. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi huweza kubeba virusi kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Kwa nini sampuli ni muhimu

Ugonjwa wa miguu na midomo hutusumbua mara kwa mara. Nchini Kenya una aina kadhaa za virusi, na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. Mnyama asipopimwa, unaweza kulipia chanjo isiyolingana na virusi vilivyo mtaani. Ndiyo maana daktari huchukua sampuli mapema, wakati malengelenge bado ni mapya. Akiitwa baada ya wiki mbili, nafasi hiyo huwa imepita.

Ufanye nini?

• Mtenge mnyama anayeumwa na utoe taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi yako. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakutaka ufanye hivyo.
• Usimuuze, usimhamishe wala kumchinja mnyama mgonjwa. Hata mnyama mzima husafirishwa kwa kibali.
• Ng'ombe au mbuzi wengi wakitupa mimba kwa pamoja, hasa baada ya mvua kubwa, usiguse mimba hizo kwa mikono mitupu. Piga simu mara moja.
• Mkamuaji, mhimilishaji na mleta nyasi wasafishe mikono na viatu kwa dawa ya kuua viini kabla ya kuingia zizini.
• Mnyama mpya akae peke yake kwa muda ambao daktari atakuelekeza.
• Chemsha maziwa, na ununue nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi.

Kuhusu karantini

Karantini inauma. Soko hufungwa, na mwenye ng'ombe mzima hushindwa kumuuza wakati karo inadaiwa. Wafugaji wanaolalamika wana sababu. Lakini karantini hurefuka pale wagonjwa wanapofichwa, kwa kuwa haiwezi kuondolewa huku visa vipya vikiendelea kuibuka. Anayeripoti mapema anaokoa mifugo yake na pia anafupisha kifungo cha mtaa mzima.

Tangu 2013 udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni jukumu la kaunti. Hata hivyo, afisa hawezi kulala katika kila zizi. Wa kwanza kuona mate yakidondoka ni wewe unayekamua alfajiri. Hifadhi nambari ya afisa wako wa mifugo katika simu leo, wakati ng'ombe wako bado ni mzima.