Takwimu za Mvua na Upangaji wa Maendeleo

Tunapofundisha upangaji wa uchumi katika vyuo vya Chama tumezoea kuanza na watu na ardhi, kisha zana na mtaji. Mvua huachwa. Hutajwa mwishoni kabisa, wakati wa kueleza kwa nini lengo la uzalishaji halikufikiwa: "mvua hazikuwa nzuri". Yaani hali ya hewa huingia katika mipango yetu kama udhuru, na wala haiingii kama takwimu. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya kilimo chake bado hutegemea mvua, hilo ni kosa la kinadharia, nalo huzaa makosa mengi ya vitendo. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kada anapaswa kuyajua kuhusu taarifa za hali ya hewa ili aweze kuusimamia mpango wa kata au wa wilaya yake.

SOMO LA KONGWA

Mfano mkubwa kuliko yote wa mpango uliotungwa bila takwimu za mvua katika nchi yetu ni ule wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu uliletwa Afrika Mashariki, ukazunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza yafyekwe mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, reli na bandari zikaanza kujengwa kusini kwa ajili ya Nachingwea. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mvua zake ni chache na hazina uhakika. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36.

Ni rahisi kucheka. Lakini tujiulize: waliopanga walikosa nini? Fedha walikuwa nazo, na mitambo walikuwa nayo. Walichokosa ni kumbukumbu za mvua za miaka mingi za mahali penyewe, pamoja na nia ya kuwauliza wenyeji. Wagogo wanazikumbuka njaa zao kwa majina. Ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza wanaiita Mtunya. Mzee yeyote wa Ugogo angeweza kuwaeleza wageni wale kwamba miaka mibaya huja, tena huja mara nyingi. Takwimu hiyo ilikuwapo, imehifadhiwa vichwani mwa watu. Mpango uliotungwa kwa ajili ya meza za London haukuwa na sababu ya kuitafuta.

VITUO VILIWEKWA WAPI, NA KWA FAIDA YA NANI

Idara ya hali ya hewa ya Waingereza katika Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, wakati safari za ndege za kuunganisha himaya yao zilipokuwa zinaanza. Rubani alihitaji kujua upepo na mawingu, na mwenye shamba la mkonge au kahawa alihitaji kujua mvua. Kwa hiyo vipimo viliwekwa kwenye viwanja vya ndege, maboma, mashamba makubwa na misheni. Kijiji cha mkulima mdogo hakikuwa na haja ya kupimwa, maana hakikuwamo katika hesabu.

Mtandao huo ndio tuliourithi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda Kurugenzi yake yenyewe ya Hali ya Hewa. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hatua zimepigwa: kuna vituo vinavyojipima vyenyewe, kuna rada, na vipimo vya ardhini sasa vinaunganishwa na picha za setilaiti ili kuziba mapengo. Hata hivyo hali ya bara zima bado ni duni. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limepata kueleza kwamba mtandao wa vituo vya nchi kavu barani Afrika ni kama sehemu moja ya nane tu ya kiwango cha chini kinachotakiwa. Na setilaiti haitoshi peke yake: huona mawingu, kisha hukadiria mvua. Makadirio hayo husahihishwa kwa kipima mvua kilichosimama ardhini. Pasipo kipima mvua, kosa la setilaiti hubaki kosa, hata likichorwa kwa ramani yenye rangi nzuri.

AINA MBILI ZA TAARIFA

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganya. Kuna takwimu za tabianchi, yaani kumbukumbu za muda mrefu, kwa kawaida miaka 30, zinazotuambia mahali fulani pana desturi gani ya mvua na joto. Na kuna utabiri, unaosema kuhusu siku, wiki au msimu unaokuja. Kila moja ina kazi yake na wakati wake katika upangaji.

Tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Utabiri wa mvua za vuli kwa kawaida hutolewa mwezi Agosti, wa mvua za msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka hutolewa Oktoba, na wa masika kati ya Januari na Februari. Maana yake, Mamlaka inapotangaza mvua za Dodoma, Singida au Tabora, halmashauri zimekwisha kupitisha bajeti na zipo mwezi wa nne wa utekelezaji. Diwani anayesema "tunasubiri utabiri ndipo tupange" hajui anachosubiri. Mpango hutungwa kwa takwimu za muda mrefu. Utabiri hutumika kuurekebisha mpango ambao tayari umeachiwa nafasi ya kurekebishwa. Bajeti ambayo kila shilingi imefungwa kwenye kazi moja haiwezi kunufaika na utabiri wowote, hata ungekuwa sahihi kama saa.

Chukua Dodoma. Wastani wa mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini wastani huficha mambo. Milimita 570 zinaweza kunyesha vizuri kwa miezi minne. Zinaweza pia kunyesha kwa fujo Desemba, zikakatika majuma matatu ya Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kisha zikarudi kuyanyeshea mabua. Kwa mwandishi wa taarifa miaka hiyo miwili ni sawa. Kwa mkulima mmoja ni mwaka wa chakula na mwingine ni mwaka wa njaa. Kwa hiyo kada asiridhike na wastani. Aulize: katika miaka 30, mvua zilianza kabla ya katikati ya Desemba mara ngapi? Ukavu wa siku kumi au zaidi katikati ya msimu umetokea mara ngapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama fedha za wilaya zinunue mbegu za mahindi au za mtama na uwele.

KUUSOMA UTABIRI

Utabiri wa msimu husemwa kwa lugha ya uwezekano. "Wastani" katika taarifa za Mamlaka maana yake ni mvua za kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Sasa tuseme kwa eneo fulani utabiri umetoa nafasi 45 kwa 100 za mvua chini ya wastani, 35 za wastani na 20 za juu ya wastani. Kiongozi akisimama mkutanoni akasema "Serikali imesema mwaka huu hakuna mvua", amesema uongo, ingawa hakukusudia. Katika misimu 100 ya namna hiyo, 20 itakuwa na mvua nyingi. Mvua zikija, wananchi watasema wataalamu ni waongo, na mwaka unaofuata hakuna atakayesikiliza.

Tena si misimu yote inayotabirika sawasawa. Mvua za vuli hufuata kwa karibu joto la bahari za Pasifiki na Hindi, ndiyo maana dalili za El Niño huweza kuonekana miezi kadhaa kabla. Masika ni ngumu zaidi kutabiri. Anayezitegemea taarifa zote mbili kwa uzito mmoja hajazielewa.

Utabiri pia una mipaka ya mahali. Mwaka 2023 ilitangazwa mapema kwamba kuna El Niño na kwamba vuli ya maeneo ya kaskazini itakuwa kubwa. Tarehe 3 Desemba mwaka huo tope na mawe ya Mlima Hanang vilishuka Katesh, vikaua zaidi ya watu 80. Utabiri wa msimu hauwezi kutaja korongo gani litabomoka. Huo ni wajibu wa ramani ya ardhi na mpango wa makazi: nani amejenga wapi, na maji yakija yatapita wapi. Yaani kazi iliyobaki ilikuwa ya mipango, na hiyo ni kazi ya miaka mingi kabla ya mvua.

Hesabu hiyo hiyo ya uwezekano iko kwenye barabara. Mhandisi akisema kalavati limejengwa kuhimili "mvua ya miaka 10", wengi hudhani tumehakikishiwa miaka 10 ya usalama. Sivyo. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 1 kwa 10 ya mvua kubwa kuliko hiyo. Piga hesabu: katika miaka 10, nafasi ya kalavati kuzidiwa angalau mara moja ni kama 65 kwa 100. Halmashauri ina haki ya kuchagua kalavati la bei rahisi, lakini ichague ikijua. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na gharama ya kusimamisha treni haikulipwa na waliochora daraja. Ililipwa na uchumi mzima.

TAKWIMU ZAWEZA PIA KUKATAA UDHURU

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotegemea mto huo yamepata kutuingiza katika mgawo wa umeme. Jibu la haraka lilikuwa ukame. Uchunguzi uliofanywa katika bonde la Usangu ulionyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka kiangazi ni maji kuchepushwa kwenda mashambani, na kwamba upungufu wa mvua peke yake haulielezi jambo hilo. Bila vipimo vya mvua na vya mtiririko wa mito tungeendelea kuilaumu mbingu, na mgongano wa wakulima wa mpunga, wafugaji na umeme wa taifa ungebaki umefichwa nyuma ya neno "ukame". Maji yanapogombewa kuna maslahi, na penye maslahi kada lazima aonyeshe nani anapata na nani anakosa.

Hali ni hiyo hiyo kwa taarifa yenyewe. Tuseme Oktoba imetangazwa kuwa mvua za kanda ya kati zitakuwa haba. Mfanyabiashara wa nafaka mwenye ghala na mtaji anajua la kufanya: ananunua leo kwa mkulima anayehitaji ada ya shule, atauza Machi. Mkulima naye ameisikia taarifa hiyo hiyo redioni, lakini hana ghala wala mkopo. Wote wawili wamepewa ujuzi sawa, mmoja ametajirika na mwingine amefilisika. Kwa lugha ya nadharia, taarifa ni nguvu ya uzalishaji, lakini faida yake hugawanywa na uhusiano wa uzalishaji uliopo. Kuboresha utabiri bila kuimarisha ushirika na ghala la kijiji ni kumnolea panga mwenye nguvu.

Mali ilijaribu njia nyingine. Baada ya ukame mkali wa Saheli wa miaka ya 1970, kuanzia mwaka 1982 idara yake ya hali ya hewa iliwakusanya wataalamu wa mazao, wa maji, maafisa ugani na watu wa redio katika kikundi kimoja kinachokutana wakati wote wa msimu wa kilimo. Wakulima walipewa vipima mvua, wakapima wenyewe, na pamoja navyo jedwali la kuonyesha mvua kiasi gani inatosha kupanda zao gani kwa tarehe gani. Mkulima akawa mpimaji na mtumiaji kwa wakati mmoja. Hapa kwetu kazi ya namna hiyo imefanyika Kiteto na Longido chini ya mpango wa kimataifa wa huduma za tabianchi, ambapo wakulima na wafugaji walikaa na maafisa ugani wakizitazama takwimu za miaka mingi za eneo lao. Ubaya wa miradi ya wafadhili ni kwamba huisha. Kazi ya kupima mvua haiishi.

Tusidhani pia kwamba tunaanza na watu wasiojua kitu. Kiswahili chenyewe kimezipa nyota zile za msimu jina la Kilimia, kwa sababu watu walilima kwa kuzitazama. Ujuzi huo upimwe kama ujuzi mwingine: uandikwe, ulinganishwe na mvua halisi, unaofaa utumike.

Kwa tawi linalotaka kuanza, shule ya kata inatosha. Kipima mvua kimoja huwekwa uwanjani mbali na miti na paa, kizungushiwe ua dhidi ya mbuzi. Wanafunzi wawili wakisimamiwa na mwalimu wa jiografia hukisoma kila siku saa 3 asubuhi, zikiwamo Jumapili na likizo. Hapo ndipo kazi hii hushindwa, kwa hiyo zamu ya likizo ipangwe kabla shule haijafungwa. Kipimo huandikwa katika daftari kwa milimita. Siku isiyo na mvua huandikwa 0.0. Nafasi isiachwe tupu, maana nafasi tupu husomeka kwamba hakuna aliyepima. Mwisho wa mwezi nakala moja hupelekwa kwa afisa kilimo wa wilaya, nyingine kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, na daftari lenyewe hubaki shuleni.