Kuinuka Kitini, Mtaalamu Akiwa Mbali

Mzee anayeinuka kitini bila kushikwa mkono anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kwanza anavuta nyayo nyuma, zikae chini ya magoti. Kisha anainamisha kiwiliwili mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, na hapo misuli ya mapaja na makalio inapokea uzito wote kwa mkupuo. Mtaalamu wa fiziotherapia akiona magoti yanagongana, mkono unatafuta pa kujishikiza, au mzee anajibwaga wakati wa kukaa, anajua pa kuanzia tiba. Yote hayo yanaonekana hata kwenye skrini, mradi kamera iwekwe ubavuni na mwili wote uingie, kuanzia kichwa hadi nyayo.

Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga. Nyuzi zinazotangulia kudhoofika ni zile za nguvu ya ghafla, ambazo humwokoa aliyejikwaa kabla hajafika chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, misuli ya uzeeni bado inasikia mazoezi. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafanyisha mazoezi ya uzito wa miguu wakazi dhaifu wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Wiki 8 tu baadaye, nguvu za wale 9 waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kila ninaposikia mtu akisema mzee wake "aachwe apumzike tu," huwaza takwimu hiyo.

Kinachowakwamisha wengi ni safari. Mazoezi haya yanataka kurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi, na mtu anayehema akifika getini hawezi kupanda magari mawili kila mara ili akafanye mazoezi ya kupunguza kuhema.

Watafiti wa Denmark walilikabili jambo hilo moja kwa moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Henrik Hansen na wenzake waliwachukua wagonjwa 134 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ulio mkali, umri wao wa wastani miaka 68, wakawagawa kwa kura. Wagonjwa 67 walikwenda hospitali za eneo la Copenhagen mara mbili kwa wiki kama ilivyozoeleka. Wengine 67 walibaki nyumbani, wakawekewa skrini ya kugusa, na mara tatu kwa wiki wakakutana kwa video katika vikundi vya watu 4 hadi 8, mtaalamu akiwasimamia kutoka hospitalini: dakika 35 za mazoezi, dakika 20 za mafunzo. Baada ya wiki 10 wote walipimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita. Hakuna upande uliouzidi mwingine. Lakini waliomaliza mpango walikuwa 57 kwa wale wa nyumbani, na 43 kwa wale wa hospitali.

Ninavutiwa zaidi na ukubwa wa vikundi vile. Watu 4 hadi 8 mtaalamu anaweza kuwatazama mmoja mmoja, akamwambia huyu apunguze kasi na yule asibane pumzi. Nao wanaonana. Asiyefika anaulizwa. Anayemwona mwenzake wa miaka 80 akimaliza mara kumi za kuinuka kitini, naye hujaribu ya nane. Kurekodi video moja na kuisambaza kwa maelfu ni rahisi zaidi, ila hapo hakuna anayeona goti linalopinda vibaya.

Mazoezi ya kusimama imara ndiyo magumu kuyasimamia kwa mbali. Kusimama kwa mguu mmoja kunamtaka mzee akaribie ukingo wa kuanguka, na mtaalamu aliye mbali hawezi kumdaka. Kwa sababu hiyo, vipimo vya kwanza ni vyema vifanywe ana kwa ana. Nyumbani, kiti kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani, mkeka uondolewe, na kuwe na mtu mzima karibu. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikianza, mazoezi yakome papo hapo.

Kwetu, suala hili lina uzito wa pekee. Shirika la Afya Duniani linasema kuna nchi za kipato cha chini na cha kati zenye wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Mtaalamu mmoja wa hospitali ya mkoa angeweza kukutanisha asubuhi moja wazee sita wa wilaya sita, mjukuu akishika simu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwa amekwisha kukagua chumba. Simu peke yake haitoshi. Video ya karibu saa moja, mara tatu kwa wiki, inakula bando ambalo bibi asiye na pensheni hatalimudu, na mpango wowote usiolipia bando hilo kama sehemu ya matibabu utaishia kwa wazee wenye watoto wenye uwezo.